Spika za Nyuma za Mzee Batholomeo

Niseme mapema: nina hasira, na sitaki mtu aniambie "Anyesi, tulia." Nimetulia wiki tatu nzima. Inatosha.

Thobias ni kaka yangu, tumbo moja. Ni fundi wa redio na televisheni hapa mtaa wa Kikuyu, kwenye fremu moja ya duka ambayo nusu ni yake na meza yake ya bisibisi, nusu ni yangu na cherehani yangu. Tulizaliwa Mpwapwa. Baba alikuwa mhudumu wa ng'ombe, na alikuwa na redio moja aliyoipenda kuliko sisi. Thobias akiwa darasa la tano aliifungua redio ile akaimwaga yote kwenye mkeka. Alichapwa, jamani, alichapwa! Kesho yake akaifunga, na redio ikashika stesheni ambazo haikuwahi kushika tangu inunuliwe. Baba alisikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, asiseme hata pole. Na Thobias hakuidai. Hiyo tabia yake ndiyo inayoniua mpaka leo. Mtu anakanyagwa, anauliza kama aliyemkanyaga ameumia mguu!

Kazi yake anaijua. Wapo mafundi hapa mjini, ukiwaita wakufungie hom thieta wanazipanga spika zote tano kwenye kabati la televisheni pamoja na sabufa, wanakunja waya zilizobaki wanazificha nyuma, wanaondoka. Thobias akiingia sebuleni kwako, kwanza anauliza, "Unapenda kukaa kiti gani?" Anakaa kwenye kiti hicho. Anatoa futi kamba yake, anapima kutoka kiti mpaka kila kona. Mbili za mbele, kulia na kushoto. Moja katikati chini ya televisheni, ya maneno. Mbili za nyuma, juu kidogo ya kichwa chako. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Halafu anaiambia mashine, kwa rimoti, kila spika iko umbali gani na masikio yako. Nilimwambia siku moja, "Kaka, unamshonea mtu suti au unamfungia redio?" Akacheka tu.

Kwa Mzee Batholomeo, Area D, alifanya hivyo hivyo. Mzee Batholomeo ni mtumishi wa wizara, ni mzee wa kanisa letu, na ndiye msimamizi wa kundi la WhatsApp la kanisa. Nyumba yake ina dari nzuri, akasema hataki kuona waya hata mmoja. Thobias akapanda juu ya dari, siku mbili, kwenye joto lile na vumbi lile, akitambaa na waya mdomoni. Alirudi jioni macho mekundu. Siku ya pili aliijaribu mashine kwa ile sauti ya shhhh inayohama, spika baada ya spika, zote tano zikaitikia. Mzee mwenyewe alikuwa nje anaongea na simu. Akapunga mkono tu, "Sawa fundi, sawa."

Wiki haijaisha akapiga simu. "Spika zako za nyuma hazitoi sauti."

Thobias akaenda. Akakuta mzee na mkewe, Devota, wanaangalia filamu zilizotafsiriwa. Unazijua, kila nyumba inazo: muigizaji anafungua mdomo kwa lugha yake, na juu yake kuna bwana mmoja anakueleza yote kwa Kiswahili, anacheka, anagomba, mpaka mlango ukilia, anaulilia yeye. Mimi mwenyewe nazipenda, sina unafiki. Lakini Thobias akawaeleza kwa upole: huyu mtafsiri anairekodi filamu upya na sauti yake juu, na katika kurekodi, zile sauti za nyuma zinapotea. Spika ni nzima, filamu ndiyo haina cha kuzipa. Mzee akamtazama. "Fundi, usinifundishe. Mimi nimesoma."

Sasa, mashine ile ina kitufe. Ukikibonyeza, sauti ya mbele inanakiliwa kwenye spika zote. Kitufe kimoja tu! Aliponisimulia nikaacha kushona. "Si umbonyezee? Zilie zote, mzee afurahi, yaishe!"

"Nikibonyeza, mtu anaongea mbele yako, unamsikia kisogoni," akasema. "Hiyo siyo sauti ya kuzunguka, Anyesi. Ni kumpigia mtu kelele pande zote. Nimewapimia viti vyao."

"Nani kakwambia wanajali viti?"

Akaokota bisibisi yake. Nilikasirika naye siku ile, nakiri. Nilimwita mbishi, nilimwita punda. Kwa sababu nilijua kitakachofuata, na kikafuata.

Mzee Batholomeo akamwita fundi mwingine, Ambokile. Huyo Ambokile akapanda ngazi, akazishusha spika mbili za nyuma, akatoka nazo nje mpaka kwenye pikipiki yake, akakaa huko kidogo, akarudi na spika mbili, akazifunga. Halafu akabonyeza kitufe. Loo! Nyumba nzima ikalia. Akamwambia mzee, "Yule fundi wako alikuwekea feki, zako kaondoka nazo. Sasa hizi ndizo halisi." Haya yote tuliyajua baadaye, Devota mwenyewe alituambia. Sisi tuliyasoma kwenye kundi, Alhamisi asubuhi, watu mia mbili na kitu wakisoma pamoja nasi:

"Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tuwe makini na fundi Thobias wa Kikuyu. Aliniwekea spika feki mbili na zangu halisi akaondoka nazo. Fundi mwingine amenirekebishia. Mungu atusaidie."

Mungu atusaidie! Na kaandika kwa vidole vyake vya kuombea!

Nataka mwelewe jambo moja. Fundi kama Thobias hana duka la vioo wala bango. Anaingia sebuleni kwako ukiwa kazini, anaingia chumbani kwako kwenye televisheni ya chumbani, mkeo yuko jikoni, saa yako iko mezani. Kinachomfungulia mlango ni jina tu. Na wateja wake wote anawapata kanisani. Kufikia Jumamosi watu sita walikuwa wamekuja kuchukua vitu vyao, vingine vikiwa bado wazi, skrubu kwenye bakuli. Wanasalimia, "Habari za kazi, fundi," halafu, "Ile televisheni yangu nitaichukua tu hivyo hivyo." Yeye anawafungia kwa nailoni, anawabebea mpaka kwenye bajaji. Anawabebea! Mimi natoboa vidole kwa sindano kwa hasira.

Jumapili baada ya ibada nikamwambia, "Vaa viatu. Tunakwenda Area D."

"Anyesi, tutaongeza maneno."

"Maneno yameshaongezwa. Usipokwenda naenda peke yangu, na mdomo wangu unaujua hauna breki."

Akavaa viatu.

Tukamkuta mzee sebuleni, kwenye kiti chake kile kilichopimwa, filamu inaendelea, mtafsiri anapiga kelele kutoka kila pembe mpaka nikahisi yuko kwenye skafu yangu. Tukampa shikamoo. Aliitika bila kupunguza sauti. Devota akatuletea maji.

Nikafungua mdomo, lakini Thobias akanigusa mkono. Akamwomba mzee rimoti. Akabonyeza kile kitufe, nyuma kukawa kimya. Akabonyeza tena, kukalia. Kimya, kulia, kimya. "Mzee, Ambokile alifanya hiki tu."

"Alibadilisha spika. Nimemwona kwa macho yangu."

"Naomba boksi ilimokuja mashine."

Devota akalishusha kutoka juu ya kabati la nguo. Ubavuni mwa boksi kulikuwa na karatasi ya namba. Thobias akapanda kiti, akamwomba mzee apande naye, akamulika tochi ya simu nyuma ya spika. Mzee akasoma, akashuka, akasoma boksi. Akapanda tena. Namba zilikuwa zile zile, spika mbili zote. Zilitoka dukani kwenye boksi hilo, na hazikuwahi kwenda mbali kuliko pikipiki ya Ambokile.

Unadhani aliomba radhi? Alisema, "Basi waya zako ndizo zilikuwa mbovu."

Ala! Damu ikanipanda mpaka masikioni. Lakini Devota alikuwa bado anapekua boksi, akatoa sidi moja ndani ya nailoni, haijawahi kufunguliwa. Ilikuwa sidi ya majaribio iliyokuja na mashine. Thobias akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka, akazima kitufe cha Ambokile. "Kaeni tu," akasema. "Msiniangalie mimi."

Mbele ilionekana barabara ya porini na mtu anatembea. Hatua zake zilianzia kushoto zikapita katikati. Ndege akalia pembeni. Halafu nyuma yetu, juu kidogo ya vichwa, mvua ikaanza. Matone mawili, matatu, halafu ikashuka yote.

"Mlenda wangu!" Devota akapiga ukelele, akaruka, akatoka mbio miguu mitupu. Alikuwa ameanika mlenda kwenye mkeka nyuma ya nyumba, na mwezi ule wa tano hatukutegemea tena hata tone. Tulimsikia anakokota mkeka uani. Akarudi mlangoni, majani ya mlenda kwenye kitenge, akatazama juu, jua kali limemwangaza mgongoni, akatazama spika za nyuma, akatutazama sisi. "Yesu wangu," akasema. "Nimeisikia kabisa."

Mzee Batholomeo alikuwa amegeukia dirishani na yeye. Nilimwona. Aligeuka haraka akakohoa.

Nikasema, "Mzee, sasa umesikia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ulimpaka kaka yangu matope mbele ya kanisa zima, umpanguse mbele ya kanisa zima."

"Nitaliweka sawa kwenye kundi," akasema. Akanyoosha mkono apewe rimoti. "Ila nirudishieni ile sauti ya Ambokile. Hii nyingine sielewi wanachosema."

Thobias akambonyezea. Njiani sikuongea, na mimi kutoongea ni ugonjwa. Lakini moyoni nilijua tumeshinda. Nilijisemea kesho asubuhi watu wataanza kurudisha televisheni zao.

Jumatatu tukafungua fremu mapema. Saa tatu kasoro simu zetu zikalia pamoja. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Mzee Batholomeo, ile sauti yake ya kusomea matangazo:

"Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuhusu lile suala la fundi Thobias. Alikuja nyumbani na dada yake, tumekaa, tumezungumza kwa upendo. Kama wazazi, tumemsamehe. Nawaomba na ninyi mumsamehe, kama sisi sote tunavyosamehewa. Suala limekwisha."

Amina zikaanza kumiminika. Amina, amina, mikono ya kuomba, maua. "Mzee una moyo wa pekee." "Mungu akuzidishie."

Tumemsamehe! Khaa! Mtu kamsingizia mtu wizi, kaona namba kwa macho yake, mkewe kakimbia mvua isiyokuwepo, halafu yeye ndiye anayesamehe, na anapigiwa amina! Sasa hata asiyekuwa ameamini, ataamini, maana nani husamehewa bila kosa? Nilisimama, kiti kikaanguka. Nilisema maneno ambayo mama akiyasikia huko aliko atanilaani. Nilitafuta kandambili zangu niende Area D kwa miguu.

"Keti," Thobias akasema.

Nilidhani ataniambia yaishe. Nilimgeukia nikiwa tayari kumrarua na yeye. Lakini uso wake haukuwa ule ninaoujua. Alikuwa ameweka bisibisi chini. Alichukua simu, akaishika karibu na mdomo.

"Bwana Yesu asifiwe. Ni mimi, Thobias. Mzee Batholomeo anasema amenisamehe. Msamaha huo naurudisha, kwa sababu sikuiba. Spika ni zile zile. Namba zake ziko kwenye boksi lake, na amezisoma mwenyewe jana, mkewe akiwepo. Kama niliiba, aende polisi, asinisamehe. Kama sikuiba, aseme hapa hapa kwamba sikuiba. Ni neno moja tu, mzee. Liseme."

Sauti ilimtetemeka mwishoni, na haikuwa kilio. Miaka yote ya kuzaliwa pamoja, sikuwahi kumsikia hivyo. Akatuma. Akaweka simu mezani, akaitazama.

Dakika moja haikupita. Kwenye simu yangu kukaandikwa kwamba Mzee Batholomeo amemwondoa Thobias kwenye kundi.

Amina zikasimama. Halafu namba moja tupu, isiyo na jina, ambayo mpaka leo simjui mwenyewe, ikaandika, "Mrudishe fundi." Kisha mwingine, "Mzee, jibu swali." Kisha mama wa kwaya, "Alisema neno moja tu. Kwani ni gumu?" Halafu Devota. Devota mwenyewe, kutoka nyumba ile ile: "Hakuiba. Mimi nilikuwepo. Mrudishe."

Thobias alikuwa ameshatolewa, haoni chochote. Alinitazama kutoka upande wake wa fremu, mikono juu ya magoti.

"Wanasemaje?" akauliza.

Nikaanza kumsomea. Nilipofika kwa Devota nikainuka, nikampa simu asome mwenyewe.