Taa ya Mke Mwenza

Juzi dukani hapa Kasongo, mama mmoja alinunua kopo kubwa la nyanya, akalifungua palepale, akaimimina nyanya yote kwenye bakuli tupu nililokuja nalo kununulia unga.

"Beba, baba. Miye nataka kopo tu."

Mwenye duka akamkodolea macho. Mama akabetua midomo.

"Muke mwenzangu aliokota kopo yenye nilitupa, akatia mafuta na utambi wa kitenge, akafanya taa. Sasa bwana anakula kule hata siku ya zamu yangu. Eti kwangu iko giza! Yangu itakuwa kubwa kupita yake."

Nilicheka njia nzima. Nyumbani mke wangu alilitazama bakuli, nikamsimulia yote. Hakucheka.

"Bwana yake anakula kwa mwenzake," akasema, "sasa yeye analisha wangu?"