Matawi ya Mkorosho Barabarani

Leo vibarua wanapogoa mikorosho yangu kando ya barabara, na harufu ya majani mabichi imenijaa puani. Ni harufu ile ile.

Tulikuwa tukishuka kutoka Newala kwenda Masasi, mimi katikati, mama dirishani, baba akiendesha pikapu yake taratibu. Gari dogo jeupe likatuganda nyuma, honi mfululizo. Kisha likaja ubavuni, upande wa kulia, na kijana aliyeliendesha akachungulia akicheka.

"Shikamoo mzee! Hilo gari au mkokoteni?"

Baba hakuitikia marahaba. Akakanyaga mafuta. Kijana naye akakanyaga.

"Mwache apite, baba watoto," mama alisema.

Milango ilitetemeka, na mimi, Mungu anisamehe, nilishangilia.

Karibu na kona mama akaona matawi yametandazwa barabarani. "Kuna gari limeharibika mbele!"

"Watu wamepogoa mikorosho tu," baba akajibu, macho yake kwa yule kijana.

Kweli, yalikuwa ya mkorosho. Magurudumu yakayaponda, harufu ikajaa ndani. Baada ya kona lilisimama lori bovu, upande wetu, na kulia gari jeupe lilikuwa bado limetubana. Likaongeza mwendo, likaenda zake; sisi tukalivaa lori kwa ubavu wa kushoto.

Mama alikuwa amekaa kushoto.

Vibarua wamemaliza kazi. Naokota matawi yaliyoangukia barabarani, moja moja, hadi majani.

"Acha tu, mama, upepo utayapeleka," wananiambia.

Naendelea kuokota.