Mama kampa paka wake dawa ya maumivu ya mtoto

Wakuu, salaam. Hili sijahadithiwa, nipo nalo sasa hivi na naandika harakaharaka, kwa hiyo makosa ya kuandika mnivumilie.

Nakaa Mbagala na mama yangu na mwanangu mdogo. Mama ana paka wake, Kashata. Tangu baba afariki, huyo paka ndo mwenzie. Mama akiswali, Kashata kajilaza pembeni ya mswala.

Juzi akarudi anachechemea, kapigana huko na mapaka ya mtaani. Mie nikasema atapona tu.

Jana mchana namkuta chini ya kabati. Udenda unamtoka, uso umevimba, anahema juujuu. Namfunua mdomo, fizi zimekuwa za kahawia!

Nilichanganyikiwa jamani. Nikampigia daktari wa mifugo, simu nikaiweka spika mama naye asikie, akauliza, "Mmempa dawa yoyote?"

Mama akaapa. "Wallahi sijampa kitu!"

Daktari akakazia, "Hata ya maumivu?"

"Aah, hiyo nayo dawa?" mama akasema. "Nimempa ile ya maji ya mjukuu wangu, kijiko jana, kingine leo asubuhi. Si alikuwa anaumia?"

Msimcheke. Kwetu paracetamol haihesabiwi dawa. Inakaa jirani na chumvi, mtoto akipata joto kijiko, mkubwa kichwa kikimgonga vidonge viwili, maisha yanaendelea. Nani atakumbuka kuitaja?

"Mlete sasa hivi," daktari akasema.

Nikamtia kwenye kapu la sokoni, bodaboda mpaka kliniki. Kumbe mwili wa paka hauiwezi ile dawa. Damu inashindwa kubeba hewa, ini linaharibika, na hata kiasi kidogo kinaua. Wenye mbwa nanyi msijaribu, dawa zetu za maumivu zinawamaliza tumbo na figo.

Kashata kabaki huko na dripu. Daktari hajaahidi kitu, anasema tusubiri.

Mama hajala tangu jana. Simu yangu ikilia ananikodolea macho. Asubuhi kaniuliza, "Mie ndo nimemuua?"

Nilichojifunza: mnyama akiumia, kabati la dawa usilifungue, mpigie daktari wa mifugo. Na akikuuliza umempa nini, taja vyote, hata kile unachoona si dawa.

Ila leo nina shida moja, wakuu. Kama paka wako alikula hii kitu akapona, andika hapa chini, hata mstari mmoja.

Nataka nikamsomee mama.