Nusu Tone

Jirani yangu muuza juisi ya nanasi husikiliza chupa. Kila asubuhi hulegeza vifuniko kimoja kimoja, sikio karibu, kama mtu anayenong'onezwa umbea. Chupa ikitoa "sss", juisi imechacha. Chupa moja huiacha bila kutia kitu. Huiita shahidi, na siku ya tatu shahidi hufura povu. Nyingine huzidondoshea mafuta ya mchaichai ili zisichache upesi, pumzi ameibana. Akitia matone manne, mdogo wake hukunja uso: "Dada, hii inanuka hospitali!" Akabaki na matatu. Jana, siku ya kumi tangu zijazwe, mwenye duka wa mtaani alikuja kuchukua chupa zote. Jirani akalegeza kifuniko. Sisi hatukusikia kitu.

"Si nzima hii, mama?" mwenye duka akauliza.

"Imeanza kusema. Siuzi."

Akazimwaga zote kwenye sinki, mpaka ya mwisho. "Dada, si uache tu sasa?" mdogo wake akamsihi. Jirani akachukua mafuta yake. Alidondosha tone moja kwenye kijiko cha sukari, akasugua hadi likapotea, akaimimina sukari ubaoni na kuigawa katikati kwa kisu.

"Nusu tone hilo hapo," alisema. "Sasa tunatia matatu na nusu. Menya nanasi."