Harusi, Hasara na Skrini ya Shangazi Chapa

Mtaa mzima ulimwita Shangazi Chapa, maana alichapa kila kitu: barua za kazi, mitihani, kadi za harusi. Tatizo lilikuwa macho. Laptopu yake ilikuwa ndogo kama kioo cha mkoba, na mwaka jana ilimponza: kadi mia mbili zilitoka zimeandikwa, "Mnakaribishwa kwenye hasara ya kijana wetu."

Sasa mama wa kijana yule anamwoza mwanawe wa pili. "Nakuja saa nane niisome kadi kwa macho yangu," alisema. "Nikiona kosa moja, ukoo wetu wote hutatuona tena."

Basi Shangazi akanunua skrini kubwa kama dirisha. Boksi lilijisifu kwamba picha inajichora upya mara mia na arobaini na nne kwa sekunde. Akachomeka waya wake wa zamani na, loo! Mshale wa kipanya ukatambaa kama umeshiba. Ukiusukuma leo, unafika kesho.

Saa saba akamwita fundi simu wa mlango wa pili.

"Hii skrini ni mgonjwa."

"Ni mzima kuliko mimi na wewe." Fundi akafungua mipangilio. "Ona, inajichora mara thelathini tu."

"Na mia na kumi na nne nyingine? Muuzaji kabaki nazo dukani?"

Fundi alicheka hadi akakaa. "Zimekwama kwenye waya, Shangazi. Laptopu yako haina kifaa cha peke yake cha kuchora picha, lakini inaweza. Tundu hilo la zamani ndilo linaloibana. Tumia hili dogo la pembeni. Waya wake ulikuja kwenye boksi, uko wapi?"

Shangazi akachungulia boksi tupu. "Ule mfupi, mnene? Si wa chaja?"

"Si wa chaja!"

"Nimempa wifi yangu. Aliniombea dua na kila kitu."

Wifi, nyumba ya nyuma, alikuwa ameshika simu kama anyonyeshaye. "Ukishanipa umenipa! Niko asilimia arobaini!" Ikabidi fundi atoe waya wake mwenyewe wa kuchajia wabadilishane.

Saa nane kasoro dakika tano waya ukaingia. Skrini ikazima. Ikawaka. Fundi akachagua mia na ishirini.

"Na zile ishirini na nne?"

"Shangazi, tosheka!"

Mshale sasa uliteleza kama sabuni kwenye sakafu iliyolowa.

Mama wa bwana harusi akaingia, mkoba kwapani. Akasoma kadi neno kwa neno. Hakuna kosa. Shangazi, kwa furaha, akausukuma mshale kwa nguvu zake za zamani. Ukaruka, kidole kikabofya, ikafunguka picha iliyokuwa kando ya kadi. Ilikuwa picha ya karatasi ya mwaka jana, ile aliyopewa na mama huyu aichape, kwa mwandiko wa mama mwenyewe. Herufi zilikuwa kubwa kama vidole: *hasara*.

Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hiyo skrini," akasema, "imezidi ukubwa. Nichapie kadi mia tatu."