Ndoo Tano za Maji ya Moto

Filimbi ya garimoshi la shamba la mkonge haijalia tangu mwaka 1974, lakini Castory bado huamka alfajiri saa ile ile, akaketi kitandani kuisubiri. Chumba chake cha Chumbageni kina dirisha moja. Halifungui.

Alikuwa mchochea moto wa garimoshi hilo. Boila ilipopasuka kwenye mwinuko, yeye alikuwa ameshuka kumwaga mchanga relini ili magurudumu yasiteleze. Dereva wake, Tahiri, alikufa pamoja na vibarua wanne. Wakubwa wa shamba wakaandika kwamba dereva aliacha maji ya boila yakauke, na Tahiri akazikwa na lawama hiyo.

Binti wa Tahiri, Zuwena, alizaliwa siku moja kabla ya ajali. Kila Ijumaa humletea mzee Castory bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki, kwa kuwa ndiye rafiki wa baba yake aliyebaki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bada limeungua leo, au ni pua yangu?"

"Pua yako. Ukishiba itapona."

Ijumaa ile hakuondoka upesi. "Jumapili tunamsomea baba hitima. Mashemeji wanauliza tutamsifu vipi mtu aliyelala kazini. Wewe ulikuwapo. Aliuliza maji, hakuuliza?"

Castory alitazama viganja vyake, kovu juu ya kovu.

"Aliuliza. Nikamjibu yapo. Sikutazama kioo cha kupimia maji."

Zuwena alisimama. "Yalikwenda wapi, basi?"

Wanawake wa kambi walikuwa na desturi: akijifungua mwenzao, huja kituoni na ndoo, mchochea moto akawafungulia koki ya boila wapate maji ya kumkandia mzazi. Ndoo moja, si zaidi. Asubuhi ile, Tahiri akiwa ofisini, Castory alijaza tano kwa furaha, kwa sababu mzazi alikuwa mke wa Tahiri, na mtoto alikuwa huyu aliyesimama mbele yake.

"Yalikwenda tu, mwanangu."

"Miaka yote hii unakula mkononi mwangu."

Akalifunika bakuli, halijaguswa, akatoka nalo. Mlango aliurudisha taratibu.

Jumapili Zuwena alisimama hitimani, akayasema mwenyewe aliyoyasikia. Jina la Tahiri likasafika.

Castory bado anakaa chumba kile kile. Nyumba ya Zuwena ni ya tatu kutoka hapo, na siku za Ijumaa mwenyewe hupita upande wa pili wa barabara.