Safu ya Nne ya Maegesho

Kazini walimwita Pimamaji, kwa vile kifaa hicho cha kupimia usawa hakikumtoka mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza kama aliyekesha msibani. Alianza kazi ya ujenzi mwaka ambao mume wake aliaga kwamba anatoka kidogo, asirudi tena. Aliyemshika mkono ni shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, aliyekuwa mkandarasi. Alimpa ndoo, akamwambia abebe maji ya kuchanganyia zege. Wanaume walicheka. Miaka kumi na miwili baadaye, wale wale waliocheka walikuwa wakimsubiri yeye aseme zege limwagwe au lisimwagwe.

Kazi iliyomnyima raha ilikuwa ya hospitali ndogo iliyojengwa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Matroni, mama mnene asiyependa maneno mengi, ndiye aliyewaonyesha maegesho ya zamani. Mapande ya zege yalikuwa yamepandana, mengine yameinuka, mengine yamezama.

"Huu uwanja una miaka mitatu tu," matroni alisema. "Mwezi uliopita gurudumu la kitanda liliingia kwenye ufa huu, mgonjwa nusura aanguke. Nataka kitu kitakachokaa."

Pimamaji alielewa kilichotokea bila kuuliza. Udongo ule wakati wa kiangazi hupasuka mpaka mkono unaingia hadi kwenye kiwiko. Mvua ikija hunywa maji, ukavimba kama unga uliotiwa hamira, ukainua chochote kilicho juu yake. Jua likirudi, unanywea tena. Zege haliwezi kubishana na kitu kama hicho. Litapasuka tu.

"Tuutoe," alimwambia shemeji yake ofisini siku hiyo. "Sentimita sitini kwenda chini, uwanja mzima. Udongo unaobaki chini tuuchanganye na chokaa, tuunyunyizie maji, tuushindilie. Halafu kifusi cha changarawe, tabaka kwa tabaka. Nailoni juu yake, wavu wa nondo, ndipo zege. Na maji ya mvua tuyapeleke mbali kwa mtaro."

"Sitini, shemeji? Unachimba maegesho au kisima?"

"Ukichimba pungufu, tutarudi."

Alikuna kidevu, akakubali. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake lilikuwa haraka. Hata chai aliinywa amesimama.

Uwanja uligawanywa safu nne. Tatu za kwanza Pimamaji alizisimamia mwenyewe, akishuka shimoni na futi yake ya kupimia kina kila baada ya hatua chache. Zege likimwagwa leo, kesho yake asubuhi lilikatwa mikato ili likitaka kupasuka lipasuke pale lilipoelekezwa, kisha likafunikwa magunia na kumwagiwa maji siku saba. Yote yalikwenda sawa.

Siku ya kuanza safu ya nne, iliyokuwa karibu na tangi la maji na mlango wa wodi ya wazazi, simu ililia. Binti yake mkubwa, aliyeolewa mji wa mbali, alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya wakati wake.

"Nenda," shemeji alimwambia. "Mtoto ni mtoto. Hapa nipo mimi."

Alikaa huko siku tano. Mjukuu alizaliwa salama, mdogo kama mkate, mwenye kelele za mtu mzima. Pimamaji alirudi akiwa na furaha, na furaha hiyo ilidumu mpaka alipofika getini. Safu ya nne ilikuwa imeshamwagwa zege na kufunikwa magunia.

"Mmeshamaliza?"

"Kazi haingojei mtu, shemeji. Hongera kwa mjukuu!"

Alizunguka mpaka kwenye uzio, mahali udongo uliochimbwa ulipokuwa ukirundikwa kabla ya kubebwa. Kila safu ilikuwa imetoa rundo lililomfika begani. Rundo la safari hii lilimfika magotini.

"Mwingine umeshachukuliwa," shemeji alisema nyuma yake, kabla hajaulizwa.

Alimfuata dereva wa mashine ya kushindilia, mzee ambaye wenzake walimwita Kimya. "Mzee wangu, safu hii mlichimba kiasi gani?"

Kimya alizitazama glavu zake. "Mama, mimi nashindilia ninachowekewa."

 Pimamaji hakuwa na ushahidi. Angeweza kumkabili shemeji yake na kumwita mwongo, naye ndiye aliyemlisha na watoto wake alipokuwa hana mbele wala nyuma. Akinyamaza, nao udongo ukiwa bado upo chini... Hakupenda kuimalizia fikra hiyo. Sherehe ya ufunguzi ilifanyika, watu wakapiga makofi, magari yakaegeshwa. Gari la wagonjwa likapewa safu ya nne, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mlango wa wazazi.

Alianza kupita pale kila asubuhi kabla ya kwenda kazi nyingine. Alifunga uzi kutoka kona hadi kona, akaweka pimamaji, akaandika tarakimu kwenye daftari dogo. Mlinzi alidhani ni mtu wa serikali, akawa anampigia saluti. Nyumbani binti yake mdogo alimtazama akila, akauliza, "Mama, huoni kama mboga ina chumvi mara mbili?" Hakuwa ameona. Kila wingu lililopita juu ya paa alilisindikiza kwa macho mpaka likapotea.

Mvua zilianza. Tangi likajaa, likawa linafurika, na maji yakawa yanachuruzika kandokando ya safu ya nne. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya tisa kiputo cha pimamaji kilisogea. Alifuta kioo kwa kanga, akapima tena. Milimita tatu. Siku ya kumi na mbili zilikuwa saba, na kwenye kona kulikuwa na ufa ambao ukucha uliweza kuingia. 

Jioni ile alikwenda kwa dada yake. Shemeji alikuwa sebuleni akisikiliza taarifa ya habari. Dada alimkaribisha, akamtazama usoni, akajua.

"Kuna nini, mdogo wangu?"

"Nataka kuongea na shemeji."

Shemeji alizima redio. Pimamaji alifungua daftari, akaliweka mezani.

"Safu ya nne inainuka. Mlichimba ngapi?"

"Nilikwambia..."

"Shemeji. Ngapi?"

Aliinama. "Thelathini. Malori ya kifusi yalikwama njiani, na siku ya ufunguzi ilikuwa imeshatangazwa. Nikasema ni safu moja tu."

"Ndiyo wanayopitishia wajawazito."

"Kwa hiyo unataka nini? Ukanitangaze? Mimi niliyekutoa barabarani? Kweli, fadhila za punda!"

"Baba watoto!" dada alifoka.

"Mwache, dada. Amesema kweli, alinitoa." Sauti yake ilikwaruza kuliko siku zote. "Shemeji, wema wako siwezi kuusahau hata nikitaka. Lakini kesho asubuhi nitamwambia matroni. Ningependa twende wote."

"Nenda peke yako."

Dada hakumsindikiza hata mlangoni.

Asubuhi alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya matroni, katikati ya wagonjwa, mwenyewe akijihisi mgonjwa kuliko wote. Alipoitwa alieleza yote akiwa amesimama. Matroni alisikiliza bila kupepesa macho.

"Ulijua tangu lini?"

"Nilishuku tangu siku niliyorudi. Kujua, nimejua jana."

"Na wiki zote hizo ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Matroni alivuta pumzi. "Wewe unajua hapa ni hospitali. Kila siku nawapokea watu waliokaa na ugonjwa mpaka umewazidi, kwa sababu waliona aibu kusema." Alinyanyua simu, akaagiza gari la wagonjwa lihamishiwe safu ya kwanza. Kisha akamgeukia. "Sasa lini mnaanza kuvunja?"

 Kuvunja kulihitaji mashine, na mashine zilikuwa za shemeji. Pimamaji alitoka nje akiwaza amkope nani sururu. Alikuwa akipiga magoti kuweka alama za kukatia, magoti yakilowa, pale gari la mizigo lilipoingia getini likinguruma. Shemeji aliteremka. Hakusalimia. Alifungua kamba, akashusha mashine ya kuvunjia zege, akawaita vijana.

Zege lilipoondolewa na nailoni ikafunuliwa, tabaka jembamba la kifusi lilionekana, na chini yake udongo mweusi uliokuwa uking'aa kama sabuni iliyosahauliwa majini. Kimya aliuangalia, akatikisa kichwa. Hiyo ilikuwa hotuba yake yote.

Kazi ilichukua mwezi mzima. Shimo lilifunikwa turubai kila mvua ilipotishia, na mara mbili maji yaliingia hivyo hivyo ikabidi yachotwe kwa ndoo. Sentimita sitini zilipofikiwa, shemeji mwenyewe ndiye aliyeshuka na futi, akasoma kwa sauti, bila kumtazama mtu. Chokaa ikachanganywa. Kifusi kikawekwa tabaka nne. Bomba la kufurikia la tangi likaelekezwa mtaroni. Pimamaji aliwaomba vijana wapime tena kila alichopima yeye, maana macho yake mwenyewe hakuyaamini tena.

Dada hakumpigia simu miezi miwili. Siku alipokuja, alikuja kumwona mjukuu aliyeletwa kusalimia, wakaongea habari za meno na kuharisha mpaka jua likapungua, basi. Shemeji hakumpa kazi nyingine. Pimamaji alijitegemea, kwanza na vijana wawili, kisha watano.

Misimu miwili ya mvua imepita. Safu ya nne imetulia. Kwenye safu ya pili pametokea ufa mwembamba kama unywele karibu na mtaro; Pimamaji aliuziba kwa lami, akamweleza matroni siku hiyo hiyo, na matroni akauandika kitabuni.

Juzi simu yake iliita akiwa kazini, juu ya kuta za shule. Lilikuwa jina ambalo halikuwa limeonekana kwenye simu hiyo kwa muda mrefu.

"Shemeji," sauti ilisema kwa haraka ile ile, "nina uwanja wa maghala huku, udongo mweusi tii. Chokaa unaweka kiasi gani?"

Alikaa juu ya tofali kwanza. "Siwezi kukuambia kwa simu. Umeshachimba shimo la kuangalia udongo?"

"Bado. Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Basi chimba matatu, sehemu tofauti, na usiyafukie. Nakuja kesho."

"Dada yako anasema ukija ulale."

"Mwambie nitalala," alisema.